Upepo wa AC Umepungua? Fungua Droo ya Dashibodi Kabla ya Kununua Gesi

Kiangazi kikikolea Mwanza, kuanzia Juni mpaka vuli iguse ardhi, wenye magari huwa na lalamiko moja: AC imekufa. Feni imewekwa mwisho na inanguruma, lakini kwenye matundu ya dashibodi hewa inatoka kwa shida. Gari linapelekwa kwa fundi. Fundi anafunga mita zake, anaona presha iko chini, anasema gesi imepungua. Gesi inaongezwa. Wiki mbili baadaye hali ni ileile, na safari hii kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya AC, nayo imeanza kulalamika.

Mara nyingi gesi haikuwa na kosa lolote. Kilichoziba ni kipande cha kitambaa kigumu chenye mikunjo, ukubwa wake kama daftari, kilichojificha nyuma ya droo iliyo mbele ya abiria. Ndiyo filta ya AC. Wapo waliomiliki gari miaka sita bila kujua kama ipo. Kuibadilisha hakuhitaji gereji, na kwenye Toyota nyingi hakuhitaji hata bisibisi: ni kazi ya robo saa ukiwa umeegesha kivulini. Unacholipia ni filta yenyewe, na bei yake haifikii gharama ya kujaza gesi, sembuse ya kuteremsha dashibodi ili kuosha kulingkoili, ile koili inayopoza hewa.

Ili kujua kwa nini filta iliyoziba inafanana na gesi iliyopungua, fuata njia ya hewa. Hewa ina milango miwili ya kuingilia. Mmoja uko nje, kwenye wavu wa plastiki chini ya kioo cha mbele, pale wipa zinapolala. Wa pili uko ndani, chini ya dashibodi upande wa abiria. Kile kitufe chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndicho kinachochagua mlango: mshale ukizunguka ndani ya gari, hewa ya ndani inarudiwa, ukitoka nje kuingia ndani, hewa mpya inavutwa. Kwenye Toyota nyingi milango yote miwili inakutana juu ya filta. Hewa inapita kwenye filta kutoka juu kwenda chini, inaingia kwenye feni, feni inaisukuma kwenye kulingkoili iliyo baridi, ndipo inatoka usoni kwako. Kwa hiyo anayesema filta yake haiwezi kuchafuka kwa sababu hafungui hewa ya nje anajidanganya. Vumbi la viatu, nyuzi za viti na mchanga wa kwenye kapeti vyote vinapita palepale.

Sasa mita ya fundi. Ndani ya kulingkoili gesi inageuka kutoka kimiminika kuwa mvuke, na ili igeuke lazima inyonye joto la hewa inayopita nje yake. Hewa ikiwa kidogo, joto la kunyonya ni kidogo, mvuke unapungua, na presha ya upande wa chini, yaani wa presha ndogo, inashuka. Gesi ikivuja, presha hiyo inashuka vilevile. Kwenye sindano ya mita sababu hizi mbili zinaweza kufanana kabisa. Fundi makini hukagua kwanza hewa inavyotoka. Mwenye haraka hufungua mtungi. Gesi inayozidi kipimo haiongezi baridi. Inapandisha presha ya upande wa juu na kuipa kompresa mzigo usio wake. Kipimo sahihi kwa gramu kimeandikwa kwenye kibandiko ndani ya boneti. Na gesi ya AC haiishi kama petroli: iko kwenye mabomba yaliyofungwa, kwa hiyo ikipungua kweli, kuna mahali inavuja, na pale panapovuja ndipo pa kutengeneza.

Dalili ukizisikiliza zinatofautiana. Upepo kidogo lakini baridi: anza na filta. Upepo mwingi lakini wa joto: hapo ndipo kwenye gesi, kompresa, au kondensa, koili inayotoa joto la gesi nje, iliyozibwa na uchafu mbele ya rejeta. Feni inayofanya kazi kwenye namba ya mwisho tu, namba za chini zimekufa: ni rezista ya feni, kifaa kinachopunguza kasi yake. Hii nayo ina undugu na filta, kwa sababu rezista imewekwa kwenye njia ya hewa makusudi ili ipozwe. Hewa ikipungua inapata joto na mwisho inaungua. Kisha kuna dalili moja inayowachanganya wengi: unatoka mjini na baridi safi, ukifika Usagara upepo umekatika kabisa, ukizima AC dakika chache maji mengi yanamwagika chini ya gari na upepo unarudi. Hiyo ni barafu. Hewa imekuwa kidogo mno mpaka unyevu ukaganda juu ya kulingkoili na kuiziba. Kwa kawaida kuna kihisi kinachozima kompresa kabla baridi haijafika nyuzi 0. Kihisi kikichoka na filta ikiwa imeziba, unapata barafu kwenye jua la saa nane mchana.

Kuna kipimo cha bure ambacho tungependa kila mwenye gari akijue kabla hajatoa hela. Toa filta, rudishia kifuniko chake, washa feni namba ya mwisho kwa sekunde 20 hivi, kisha zima. Upepo ukiruka na kuwa mkali, umepata jibu: tatizo ni filta. Usipobadilika, uchafu umeshafika kwenye feni au kulingkoili, na kununua filta peke yake hakutakusaidia. Usiendeshe gari hivyo mpaka dukani. Kila dakika feni inapozunguka bila filta, vumbi linakwenda moja kwa moja kwenye mapezi membamba ya kulingkoili iliyolowa, na likikauka pale linakuwa udongo.

Kwa nini Mwanza filta haifikishi umri wake

Vitabu vya watengenezaji kwa kawaida hutaja kilomita 15,000 hadi 30,000, na vingi huongeza kwamba penye vumbi muda huo upunguzwe. Sisi tuko penye vumbi. Anayelala Kishiri au Buswelu na kupita barabara za ndani kila asubuhi akifuata daladala kwa nyuma, filta yake hubadilika rangi ndani ya miezi michache. Anayezunguka kati ya Capri Point na katikati ya mji kwenye lami anaweza kukaa nayo mwaka mzima. Kanuni inayofaa hapa ni kuitazama kila unapomwaga oili, yaani kila kilomita 5,000 hivi, na kuibadilisha ikifika 10,000 au ikimaliza mwaka, lolote litakalotangulia. Ukiwa na uwezo wa kubadilisha mara moja tu kwa mwaka, subiri vuli ianze kulaza vumbi. Filta mpya ya Juni itakuwa imechakaa ifikapo Septemba, na utaingia msimu wa unyevu ukiwa na tope badala ya filta.

Vumbi tumelizoea. Kinachosahaulika ni wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka juu ya maji kama nguzo za moshi, kisha jioni wakavamia kila taa, hasa siku za mwezi kuandama. Gari likipita katikati yao usiku kando ya ziwa, wavu wa chini ya kioo unawavuta kwa maelfu. Wanafia juu ya filta, wanapata unyevu, wanaoza. Ile harufu nzito ya asubuhi unapowasha feni, watu wengi huiita harufu ya AC, kumbe ni wadudu. Ukiliona wingu lao mbele, bonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kabla hujalifikia. Kesho yake fungua boneti, pangusa wavu kwa brashi, na uitazame kondensa pia, maana nayo wanaigandia.

Miti nayo ina sehemu yake. Kivuli cha mwarobaini ni kitamu, lakini vijani vyake ni vyembamba kiasi cha kupenya wavu ambao jani la mwembe halipiti. Vinajaa kwenye mfereji chini ya wipa, vinaziba tundu la kutolea maji, na siku mvua kubwa ikishuka maji yanatafuta njia kupitia kwenye feni mpaka miguuni kwa abiria. Magari yanayolala karibu na maghala au mashine za kusaga yana mgeni mwingine: panya. Sanduku la filta ni kavu, lina giza, na filta yenyewe ni pamba ya kutosha kujenga kiota. Ukikuta tundu lililotafunwa na mavi meusi ya panya, usipulize wala usifagie yakiwa makavu. Vaa glavu na barakoa, nyunyizia maji yenye dawa ya kuua vijidudu, acha dakika kadhaa, kisha futa kwa kitambaa cha kutupa.

Kununua

Hapa ndipo hela hupotea. Muuzaji akisikia "filta ya hewa" anaweza kukupa ea klina ya injini, ambayo ni kitu kingine kabisa. Kwa Toyota, namba ya filta ya AC huanza na 87139. Ea klina ya injini huanza na 17801. Tarakimu hizo tano zitakuokolea safari. Usitegemee jina la gari peke yake: IST iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2007 na ile iliyofuata ni magari mawili yenye jina moja. Toa filta ya zamani kwanza, ipime kwa rula urefu, upana na unene kwa milimita, na uende nayo dukani ndani ya mfuko. Saizi inayotumika kwenye Toyota nyingi za kuanzia katikati ya miaka ya 2000 ni karibu milimita 215 kwa 195, unene karibu 29. Tofauti ya milimita 5 pembeni si ndogo, kwa sababu hewa hupita palipo rahisi: ikipata upenyo itaacha mikunjo na kupita pembeni, na vumbi nalo litafuata. Baadhi ya magari hutumia vipande viwili vyembamba vinavyoingia kimoja baada ya kingine. Ukitoa kimoja, ingiza vidole utafute cha pili kabla hujafurahi.

Ya bei ndogo na nzuri utazitofautisha kwa mkono. Bana fremu kwa vidole viwili katikati. Ikijikunja kama karatasi, itapinda ndani ya sanduku ikipata unyevu, na iliyolegea sana inaweza kuvutwa na feni. Hesabu mikunjo: ikiwa michache na yenye nafasi pana, eneo la kukamata vumbi ni dogo na itaziba upesi. Angalia kama gundi kwenye kona imeshika.

Halafu kuna nyeupe na kuna ya kijivu iliyokolea. Nyeupe inakamata vumbi. Ya kijivu imeongezwa mkaa maalumu unaonyonya harufu, moshi wa magari na wa takataka zinazochomwa. Kwa anayeshinda kwenye foleni ya Mabatini nyuma ya malori, ya mkaa ina thamani yake. Kwa barabara za vumbi, nunua nyeupe nzuri na uibadilishe mara kwa mara. Mkaa haurefushi maisha ya filta, na pesa iliyozidi itazikwa chini ya vumbi. Jambo moja lishikwe vizuri: hakuna filta ya AC inayozuia hewa ya kaboni monoksaidi. Moshi wa injini yako mwenyewe ukinusika ndani ya gari, shusha vioo na ukatengeneze bomba la moshi siku hiyohiyo.

Wapo pia ambao watafungua na kukuta patupu. Magari mengi ya Japani yaliingia nchini yakiwa yametumika, na yale ya daraja la chini mengine yalitoka kiwandani bila filta. Nafasi ipo, lakini imezibwa na plastiki tupu au haina fremu ya kuishikilia. Fremu inauzwa kwenye maduka ya spea za mtumba. Usiweke sponji ya godoro, soksi wala kipande cha chandarua. Sponji inabana hewa na kuoza, chandarua kinapitisha vumbi lote, na vyote viwili siku moja vitajiviringisha kwenye feni.

Kazi yenyewe

Zima gari, toa ufunguo. Toa kila kitu kwenye droo, hasa risiti na karatasi nyepesi, kwa sababu zikiteleza nyuma zinaangukia kwenye feni. Fungua droo na utafute pembeni yake kijiti chembamba cha plastiki au uzi unaoifanya ishuke taratibu. Kimeingizwa kwenye pini ndogo: kisukume kuelekea pembeni kitoke, usikivute kuja kwako. Pini hiyo ndiyo inayovunjika kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii, maana plastiki ya miaka 15 iliyopigwa na jua imeshakuwa kavu kama biskuti.

Bana kuta mbili za droo kuelekea ndani kwa mikono yote miwili mpaka masikio yake ya juu yapite kwenye ukingo, kisha iache ishuke chini kabisa. Mbele yako utaona kifuniko cha plastiki kilicholala, kirefu kama rula fupi, chenye klipu kila upande. Bana klipu, vuta. Piga picha kwa simu kabla hujagusa filta, mshale uonekane. Kisha itoe ikiwa imelala sawa kama sinia ya chai: ukiiinamisha, uchafu wote wa juu unamwagikia feni iliyo chini yake.

Washa tochi ya simu, chungulia. Majani na wadudu watoe kwa vidole au kwa mashine ya kunyonya vumbi. Kuta zipanguse kwa kitambaa kilicholowa kidogo na kukamuliwa. Usipulize kwa upepo wa kompresa ya gereji. Upepo ule hautoi uchafu, unauhamishia kwenye kulingkoili ambako hutaufikia tena bila kuteremsha dashibodi.

Mishale huwakosesha wengi. Filta nyingi za Toyota zina mshale wenye neno UP. Maana yake ni kwamba upande huo ukae juu. Hauonyeshi hewa inakokwenda. Filta nyingine zina mshale wenye maneno AIR FLOW, na huo ndio wa mwelekeo wa hewa, kwa hiyo kwenye gari ambalo hewa inashuka, utaelekea chini. Mtu aliyezoea aina moja akinunua nyingine anaiweka kichwa chini kwa uaminifu kabisa. Ikigeuzwa bado itapitisha hewa, lakini itaziba mapema, kwa kuwa tabaka la kukamata vumbi kubwa limewekwa nyuma ya lile la vumbi laini.

Toa nailoni yote. Ingiza filta polepole mpaka mwisho bila kukunja kona, rudisha kifuniko mpaka klipu zote mbili zilie. Kifuniko kisichokaa vizuri hujitangaza kwa mluzi feni ikiwa namba tatu na nne. Rudisha droo na kile kijiti, halafu jaribu feni namba zote, kwanza hewa ya nje, kisha ya ndani. Ukisikia tiki-tiki inayoongezeka na kasi, kuna jani limebaki kwenye feni; fungua tena ulitoe. Andika tarehe na kilomita kwa kalamu ya wino mzito kwenye ukingo wa filta.

Swali linaloulizwa sana: siwezi kuiosha? Ile ya kitambaa cha mikunjo, hapana. Nyuzi zake zimetiwa chaji ya umeme tuli inayokamata chembe ndogo kuliko matundu yenyewe. Maji na sabuni vinaiua chaji hiyo, na kinachobaki ni chujio la mchanga. Kuigonga taratibu chini kutaondoa majani na wadudu na kukupa wiki chache za kujipanga. Upepo wa kompresa ya gereji unatoboa matundu usiyoyaona, na filta iliyotoboka itaonekana safi na kupitisha hewa vizuri kwa sababu haichuji tena.

Kama harufu imebaki hata baada ya filta mpya, chanzo kiko mbele zaidi. Kulingkoili hulowa kila AC inapofanya kazi, na unyevu ukilala humo usiku unaota ukungu. Dakika 3 hadi 5 kabla ya kufika nyumbani zima AC, uache feni ikipuliza, ili ikauke. Ukiwa umetoka soko la samaki la Mwaloni na gunia la dagaa au sato kwenye buti, shusha vioo na tumia hewa ya nje; ukizungusha ya ndani, unapitisha harufu ile kwenye filta mara kwa mara mpaka mkaa wake ujae, na kuanzia hapo yenyewe ndiyo inanuka. Maji ya samaki yakishaingia chini ya kapeti, filta haihusiki tena. Kapeti litolewe, lioshwe, likauke juani.

Na ukikuta kapeti la abiria limelowa wakati hukubeba samaki wala mvua haijanyesha, tazama chini ya gari AC ikiwa inafanya kazi. Lazima maji yadondoke. Yasipodondoka, bomba dogo la mpira linalotoa maji ya kulingkoili limeziba, mara nyingi kwa lilelile tope lililopita enzi ambazo hapakuwa na filta. Ingiza waya laini wa plastiki kutoka chini, sentimita chache tu bila kulazimisha, na ukae pembeni, kwa sababu yakifunguka hutoka kwa pamoja.